Kifurushi cha Kujaza Ukungu

Ledina Mwalongo alipopiga simu kulalamikia dishi lake, alianza kwa kulisifu. Ndivyo alivyo huyo mama. Hata akienda kumgombeza mtu, lazima kwanza amuulizie hali ya wazazi.

"Picha ni safi," alimwambia binti wa huduma kwa wateja. "Kwenye picha siwezi kuwasema vibaya, mwanangu. Mume wangu namwona mpaka kiraka cha kofia. Ila tarehe tisa Julai mmekosea kitu. Naomba mtu aje arekebishe kabla ya Jumamosi."

"Tumekosea nini, mama?"

"Tarehe. Mmeandika Julai, na mle ndani mtu amebeba mbeta za ulanzi zimejaa."

Yule binti alikuwa anapokelea simu sijui mji gani huko, wasikojua mbeta ni kopo la mwanzi la kukingia ulanzi, wala pombe hiyo ya mwanzi inagemwa lini. Mwishowe akasema, "Sawa, mama. Ukiambiwa utoe alama moja mpaka tano, huduma yetu ungeipa ngapi?"

"Nne," alisema Ledina. Kisha akafikiria mbeta zile. "Hapana. Andika tatu."

Sasa, pale Lumage, juu kabisa kwenye milima ya Njombe, nyumba isiyo na dishi la AngaJicho ungeitafuta kwa tochi. Na si kwa ajili ya mpira wala tamthilia. Watu walilipendea Chaneli ya Jana. Kule juu kuna majicho yanayozunguka dunia miaka arobaini sasa, yanapiga picha kila uwanja, kila njia, kila shamba, na yote yanahifadhiwa. Wewe unakaa kwenye kochi lako na jiko la mkaa miguuni, unaiambia ile runinga, "Nionyeshe kwetu, siku fulani," na siku ile inarudi. Unawaona watu kwa juu, vichwa na mabega tu, kama vile wewe ni kunguru uliyetua kwenye mti. Sauti hakuna. Lakini nani aliuliza sauti? Mzee Mtega, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anamtazama marehemu mama yake akianika mahindi. Mama Tasiana alikuwa na mtoto wake, aliyemzika akiwa na miaka sita, anacheza uwanjani kila Jumapili baada ya ibada.

Na Ledina alikuwa na Elikana.

Miaka minne nyuma, mwezi Juni, Elikana Mgaya alitoka asubuhi kwenda kupakia mbao, na lori likalala kwenye kona likiwa naye juu ya mzigo. Asubuhi ile waligombana. Waligombana kuhusu jiwe. Jiwe la mpaka kati ya shamba lao na la Batweli, mdogo wake Elikana. Ledina alishikilia kwamba Batweli ameshalisogeza jiwe mara moja, na siku yoyote atalisogeza tena, mpaka kichaka chote cha mianzi kiwe kwake. Elikana alisema jiwe liko pale tangu baba yao yuko hai. Ledina akamwambia, "Wewe ungeoana na mdogo wako tu." Mume akavaa kofia akatoka. Mke hakutoka nje kumsindikiza. Kwa hiyo ndiyo maneno ya mwisho, hayo. Fikiria kulala nayo miaka mitatu.

Lakini mwaka jana dishi lilipofungwa, akaiomba asubuhi ile, na loo! Elikana anafika njiani, anasimama. Anageuka. Anavua kofia, ananyanyua uso kuelekea nyumbani, na anapunga mkono taratibu, mara mbili, kama mtu anayesema basi, yameisha. Ledina alipiga magoti sebuleni. Tangu siku hiyo akawa anaiangalia kila asubuhi kabla ya chai.

Alipokwisha kuona hilo, akapata nguvu ya kuuliza la pili. "Nionyeshe siku jiwe lilipohama." King'amuzi kikatafuta dakika tatu hivi, kikaleta tarehe tisa Julai mwaka uleule, Ledina mwenyewe akiwa bado anakaa ndani kwa msiba, kitambaa cheusi kichwani. Batweli huyo, amebeba mbeta mbili begani. Anaziweka chini, anainama, anakumbatia jiwe na kulivuta hatua sita kuelekea kwa mjane.

Runinga ilibebwa mpaka ofisi ya kijiji. Baraza likaona, wanakijiji wakaona kupitia madirishani. Batweli alisema neno moja tu, "Sikufanya," na kila mtu akamwonea aibu kwa kusema uongo huku picha inapita. Mianzi akapewa Ledina.

Yeye alidhani mambo yataishia kwenye mianzi. Alimtumia Batweli ujumbe: endelea kugema tu, shemeji, mimi sina neno. Batweli akajibu, "Nigeme kama mwizi aliyeonewa huruma? Hapana." Na kweli mwizi ndilo lilikuwa jina lake sasa. Kwenye msiba wa mzee Lugome alipeleka ulanzi kama alivyozoea, safari hii wa kununua, kikombe chake kikazunguka watu wote kikarudi kimejaa. Mke wake akatangulia Ludewa kwa ndugu zake, na yeye angemfuata Jumamosi, moja kwa moja. Mtu wa miaka hamsini na tano anaanza kuomba kiwanja ugenini.

Hayo yote Ledina angeyavumilia. Ila wiki hiyo ya simu, akiirudia picha kwa mara ya mia, jicho lake likaliacha jiwe likahamia kwenye mbeta. Zina povu, zimejaa mpaka mdomoni. Julai! Ulanzi ni wa mvua jamani, mwanzi mchanga unachipua Desemba, unagemwa mpaka Aprili, ukijitahidi sana Mei. Julai kuna barafu kwenye nyasi. Julai ukikata mwanzi unatoka vumbi.

*

Fundi alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, na pikipiki, ngazi imefungwa ubavuni. Alikuwa msichana mwembamba, kavaa sweta mbili, jina lake Skola.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Pita, chai ipo. Dishi lenu ni zuri, sina ugomvi nalo. Tarehe tu."

Skola alipanda juu ya bati, akashuka, akachomeka kipimo chake nyuma ya king'amuzi. Ledina akamwekea tarehe tisa Julai. Fundi akatazama runinga, akatazama kipimo, kisha akaanza kukunja waya haraka kuliko alivyoukunjua.

"Tarehe iko sawa, mama."

"Haiwezi kuwa sawa. Wewe mtu wa wapi?"

"Wanging'ombe."

"Basi unajua ulanzi. Angalia hizo mbeta, uniambie tena iko sawa."

Skola hakuangalia mbeta. Alikuwa anaangalia mlango. "Mama, mimi nimekuja kuangalia mawimbi. Mawimbi ni mazuri."

"Kuna mtu anahama kijiji keshokutwa kwa sababu ya hiyo picha," Ledina alisema. "Shemeji yangu wa damu ya mume wangu. Nilimhamisha mimi. Kaa chini."

Fundi akakaa. Akanywa chai nusu kikombe. Halafu akageuza kipimo ili Ledina asome. Palikuwa na namba moja tu kwenye kioo: tisini na tisa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kiasi kilichojazwa, kwa mia. Majicho ya juu hayaoni kwenye ukungu, mama. Huku kwetu ukungu unakaa miezi mitano. Zamani wateja walikuwa wanaomba siku zao wanaona weupe tu, wanakasirika, wanarudisha madishi. Ndiyo wakaleta kifurushi cha Utulivu. Hicho chako. Panapokuwa na ukungu, mtambo unajaza."

"Unajaza kwa kutumia nini? Si lazima uwe umeona?"

Skola akaonyesha kidude cheusi, kidogo kama punje ya maharage, chini ya kioo cha runinga. Ledina alikuwa anakifuta vumbi kila Jumamosi akidhani ni taa. "Hicho kinakuangalia wewe. Unakunja uso wapi, unapumua vipi, unatulia wakati gani. Mtambo unajaribu hivi, unajaribu vile, wewe hata huoni, mpaka utulie. Ukitulia, picha inabaki hapo. Ipo kwenye mkataba, mama, ukurasa wa kumi na moja. Hakuna anayeufikia."

"Kwa hiyo Batweli..."

"Ombi lako hili hapa juu ya picha: uliuliza siku jiwe lilipohama. Hukuuliza kama lilihama."

Nje jogoo wa jirani akawika, saa hiyo ya ovyo. Ledina alijikuta anaishika meza. Alikuwa anafikiri taratibu, na kila wazo lilipofika lilimkuta bado anapambana na lililotangulia. Mtambo haukujua msimu wa ulanzi. Ulichojua ni kwamba akimwona Batweli na mbeta anamtambua kwa haraka, basi ukambebesha mbeta. Na hatua zile sita, mbona zilikuwa sita kamili? Kwa sababu yeye mwenyewe, miaka yote, kichwani mwake, alikuwa anahesabu sita.

"Basi ondoa huo ujazo," alisema. "Kesho nikawaonyeshe baraza. Ondoa kwenye hiyo Julai."

"Siku moja haiwezekani. Ukizima unazima akaunti nzima. Vyote vilivyojazwa vinafutika."

"Nikiwasha tena?"

"Unajaza upya." Skola alishusha sauti. "Ila havirudi vilevile, mama. Kama kuna mtu unamwangalia, atakuja mwingine. Leo anapunga mkono wa kulia, kesho anaweza akapunga wa kushoto."

Ledina alikuwa hajamwambia fundi habari za mkono wowote. Skola naye akagundua alichosema, akainamisha kichwa. "Wote wanapunga," alisema. "Kila nyumba ninayoingia. Samahani."

"Twende wote kesho ukawaeleze na hicho kipimo chako."

"Nikionekana nimemsomea mteja kipimo, kazi sina. Nina wadogo zangu wanne. Nakuonyesha pa kuzimia, ukitaka utazima mwenyewe. Ni huku kwa nyuma, hiki kitufe, unakibana ukihesabu kumi." Akasimama, akachukua ngazi. Mlangoni akageuka. "Ningekuwa wewe nisingezima. Nakwambia ukweli. Mimi mwenyewe nyumbani sijazima."

*

Siku nzima Ledina hakula. Alikaa mbele ya runinga akimwangalia Elikana anavua kofia. Alitafuta kasoro, kama alivyoiona kwenye mbeta, akitamani aikute na akiomba asiikute. Kiraka cha kofia kipo. Bega la kushoto limeshuka kidogo, alivyokuwa. Anageuka, anapunga, mara mbili, basi, yameisha. Mtu akusamehe kila asubuhi kwa mwaka mzima, halafu uambiwe ulikuwa unajisamehe mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila fundi, na fundi hasemi. Batweli angefika Ludewa, angezoea, watu wanazoea. Alijaribu kuliamini hilo na chai yake ikapoa.

Ijumaa asubuhi alimwangalia Elikana mara ya mwisho. Kisha akapeleka mkono nyuma ya king'amuzi, akakibana kile kitufe, akahesabu. Kwenye saba alikiachia. Akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata. Akarudi, akabana tena, akahesabu mpaka kumi kwa sauti, haraka, kama watoto wanavyohesabu.

Aliomba Julai tisa. Weupe. Kioo kizima cheupe, kama shuka limetandikwa, na saa inatembea chini pembeni.

Angeishia hapo. Lakini mdomo wake haukuishia hapo, ukaomba na asubuhi ya Juni. Weupe tena, na Ledina akaanza kupumua, afadhali basi, afadhali nisijue. Ndipo ukungu ukapasuka. Tundu dogo tu, sekunde nne, labda tano, palepale njiani. Kofia yenye kiraka ikaingia upande mmoja wa tundu, ikavuka, ikatoka upande wa pili. Haikusimama. Haikugeuka. Mwendo wa mtu mwenye hasira na anayechelewa lori.

"Haya," Ledina alimwambia. "Nenda basi."

*

Kwa ombi la Ledina, baraza lilikaa saa tisa siku hiyohiyo, ofisi imejaa. Batweli alikuja kwa sababu aliitwa, akakaa karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, tayari kwa safari. Runinga ya Ledina ikawashwa. Weupe.

"Mama Yusto," mwenyekiti Mtega alimwita Ledina kwa jina la mwanawe, "umesahau kulipia?"

Watu wakacheka. Ledina akawaacha wamalize. Halafu akaeleza, neno kwa neno, kama alivyoelezwa, ila jina la fundi hakulitaja. Akaeleza ukungu, akaeleza kidude cheusi kama punje ya maharage. Hapo kicheko kikakatika, maana kila mmoja alikijua cha kwake, alikuwa anakifuta vumbi.

"Na mbeta," alimalizia. "Tulikuwa hapa wote, wagema watupu, tukatazama mbeta zimejaa mwezi wa Julai, hakuna aliyeshtuka. Nani anagema Julai?"

Mzee mmoja nyuma akakohoa. "Mwaka ule mvua zilichelewa."

"Zilichelewa kweli," mwingine akadakia.

"Hata mimi nakumbuka niligema mpaka Julai. Kidogokidogo."

"Wewe Sajenti?" Ledina alimgeukia. "Mwaka ule Julai ulikuwa umelazwa na mguu!"

"Aligema mke wangu."

Ledina akawaona wanavyokumbuka, mmoja anampokea mwenzake, na nyuso zao zinavyotulia kadiri walivyokumbuka. Mama Tasiana alisimama kutoka benchi la wanawake, akaja mpaka mbele, akamshika Ledina kiganja kwa mikono miwili.

"Mama Yusto, mwenzangu," alisema polepole. "Wewe umezima cha kwako. Sawa. Ni chako. Lakini usiseme hayo maneno tena hapa. Mimi Jumapili nina mtoto."

"Mama Tasiana..."

"Nina mtoto, nimesema. Jumapili. Uwanjani."

Mwenyekiti Mtega akagonga meza. Alikuwa amekwepa kuiangalia runinga tangu ilipotajwa ile punje. "Ndugu zangu, tusipotezeane muda. Picha ya kwanza tuliiona kwa macho yetu, watu mia na zaidi. Hii ya leo haionyeshi kitu. Na kitu kisichoonyesha kitu hakiwezi kuwa ushahidi. Uamuzi unabaki. Kuna mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno. Hata Batweli. Alishafika nje.

Ledina alimkuta kwenye mianzi, koti kalivua, na jembe na panga, anachimba shina la kwenda nalo Ludewa. Ile mianzi kisheria ilikuwa ya Ledina, lakini hakuna aliyelikumbuka hilo.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Nimesikia mpaka kwa Sajenti." Batweli alipiga jembe. "Kwenye hiyo nyeupe. Mimi nilionekana?"

"Hapana, shemeji. Hakuna kitu. Ukungu tu."

"Ndiyo hiyo sasa. Mimi siku ile nilikuwa nimelala na homa, nyumbani. Ungeniuliza ningekuambia." Akapiga tena. Mzizi wa mwanzi unabisha, ukikata huku umeshika kule. "Miaka minne tunaishi ng'ambo na ng'ambo ya jiwe, shemeji. Uliliuliza dishi."

Ledina akafunga khanga kiunoni, akapiga magoti kwenye udongo wa baridi, akaanza kufukua na mikono upande wa pili wa shina.

"Sijakusamehe," Batweli alisema.

"Najua."

"Na usije ukadhani kesho, kwa sababu tumechimba pamoja."

"Sitadhani."

Batweli alimwangalia kidogo, anavyokwangua udongo na kucha. Kisha akaweka jembe chini, akainama, akashika shina.

"Shika huko chini. Siyo hapo, chini zaidi. Haya, vuta."